Kila nikianza mazoezi naishia njiani

Shikamoo dada,

Nina miaka 44, mama wa watoto watatu, naishi Tabata na nafanya kazi ya uhasibu katika ofisi moja maeneo ya Posta. Nasoma majibu yako siku zote, na leo nimeamua na mimi nikuandikie kwa sababu hili jambo limeanza kuninyima usingizi.

Hivi karibuni wauguzi walikuja ofisini kwetu kupima afya. Presha yangu ikasoma 148 kwa 94. Wakaniambia nitulie, wakapima tena, ikawa vilevile. Nikaenda kliniki, nikapimwa siku tofauti, bado iko juu. Daktari akasema kwanza nipunguze chumvi na nifanye mazoezi, halafu nirudi baada ya miezi mitatu ndipo aamue kuhusu dawa. Baba yangu alipigwa na kiharusi akiwa na miaka 58, upande mmoja ukafa, na hakuinuka tena kitandani hadi alipofariki. Kwa hiyo dada, umuhimu wa mazoezi sihitaji kuelezwa. Naujua.

Shida yangu ni kuendelea. Kuanza naanza kwa nguvu zote. Mwaka jana nililipia jimu iliyo karibu na nyumbani, miezi mitatu kwa mkupuo ili wanipunguzie bei. Mwanzoni nilikwenda kila siku, mpaka kocha akawa ananitolea mfano kwa wenzangu. Kisha tukapata msiba Singida, nikakaa huko zaidi ya wiki. Niliporudi nilikuwa hoi, nikasema nitaanza Jumatatu. Nikaahirisha hadi Jumatatu nyingine, na nyingine, hela ikapotea hivyo. Kabla ya hapo nilikuwa nimejiunga na klabu ya jogging ya mtaani kwetu, wanaokimbia Jumapili alfajiri. Siku ya kwanza nilikwenda nao hadi mwisho kwa sababu niliona aibu kubaki nyuma. Kesho yake kushuka ngazi za ofisini ilikuwa vita. Nilijikaza Jumapili chache, masika ikaingia, nikaacha.

Siku yangu iko hivi: naamka saa 10 na nusu alfajiri, saa 12 niko kituoni, saa 2 nimeshakaa kwenye kiti. Nainuka kwenda kula mchana, nakaa tena mpaka saa 11 jioni. Baada ya hapo ni foleni. Nyumbani nafika karibu saa 2 usiku, nawakuta watoto wananisubiri niwasaidie kazi za shule. Mume wangu ni mtu mwema, ila kwake mazoezi ni ya watu wasio na shughuli, anasema kazi za nyumbani zinanitosha. Majirani nao, nilipopungua kidogo mwaka jana, wakaanza kuulizana nina tatizo gani.

Tuna kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja. Wenzangu kila jioni wanatuma hatua zao: elfu kumi, elfu kumi na mbili. Simu yangu siku nyingi haifikishi elfu tatu. Sasa hivi hata kulifungua hilo kundi sifungui.

Naomba uniambie ukweli. Je, mimi ni mvivu tu? Nilipie tena jimu, safari hii mwaka mzima, ili uchungu wa hela unisukume? Au kuna njia nyingine?

Mama wa Watatu,
Tabata, Dar es Salaam

*

Marahaba mdogo wangu,

Pole sana kwa baba. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwafanyisha mazoezi watu waliopatwa na kiharusi, kuwafundisha upya kushika kijiko na kusimama bila kushikiliwa, kwa hiyo hofu yako naielewa vizuri. Ila presha yako imegundulika mapema, ukiwa mzima, unatembea, unafanya kazi. Wengi wa wale niliowahudumia walijua kuwa wana presha siku ile walipoanguka.

Mvivu siyo wewe. Mvivu haamki saa 10 na nusu alfajiri. Nimeisoma barua yako nikarudia, na jambo lililonigusa ni kwamba mara zote mbili kilichokuangusha hakikutoka kwenye mazoezi yenyewe. Hata yale maumivu ya jogging uliyavumilia ukarudi. Kilichokuondoa ni msiba na mvua. Sasa misiba haiishi, na masika inakuja kila Machi. Mtoto ataumwa homa, ofisini mtafunga hesabu za mwaka, shemeji atakuja kukaa wiki mbili. Mipango yako yote miwili ilitengenezwa kwa ajili ya wiki ambayo hakuna lolote linalotokea, na wiki kama hiyo mama wa watoto watatu hana. Ulipokatika, mpango haukukuambia unarudi lini, wala unarudi na nini. Ukabaki kusubiri Jumatatu.

Kwa hiyo nitakuandikia zaidi kuhusu kurudi kuliko kuanza, kwa sababu kuanza tayari unakuweza.

Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature. Watafiti walichukua wanachama zaidi ya 61,000 wa jimu, wakajaribu mipango 54 tofauti ya kuwahamasisha wahudhurie. Uliofanya vizuri kuliko yote haukuwa wa zawadi nono. Ulikuwa ule unaompa mtu nyongeza ndogo, ya senti chache tu, anaporudi baada ya kukosa siku aliyopanga. Nimeufikiria sana utafiti huu, kwa sababu sisi tunafanya kinyume: aliyekosa tunamsema, na mwenyewe anajisema zaidi, hadi anaona aibu kurudi. Nina hakika wewe ulipotoka Singida hukuogopa mashine za jimu. Uliogopa kocha atakuuliza ulikuwa wapi.

Na kukosa siku hakuharibu mazoea. Pale University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia mpya ndogondogo, matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Kwa wastani iliwachukua siku 66 hadi jambo likawa la kujiendea lenyewe, ingawa tofauti ilikuwa kubwa mno: kuna waliohitaji 18, na kuna waliokadiriwa kuhitaji hadi 254. Aliyekosa siku moja akaendelea kesho yake hakupoteza kitu cha maana. Nakupa namba hizi ili usijipime kwa wiki tatu. Wiki ya tatu karibu kila mtu bado anajisukuma.

Sasa tufike kwenye siku yako. Umesema huna nafasi, nami nakubali. Sitakuambia uamke saa 10 kamili badala ya saa 10 na nusu, kwa sababu usingizi unaokatwa nao unapandisha presha. Nafasi tutaitafuta ndani ya safari ya kazini. Kama gari unalopanda asubuhi linapita Mnazi Mmoja, shuka pale, malizia kwa miguu hadi Posta. Kwa mwendo wa haraka ni kama robo saa au zaidi kidogo, na asubuhi kwenye foleni gari lenyewe linatambaa, huenda ukafika nalo sawa. Saa moja na ushee jua halijawa kali. Vaa zile raba ulizokwishanunua, viatu vya ofisini viache chini ya meza yako, na kwenye mkoba weka kitambaa cha kujifutia na blauzi ya kubadilisha. Jioni sikushauri. Najua watu wa Posta mnavyohangaika na usafiri, mnapanda gari linaloingia ili mgeuze nalo mpate siti, na ukishasimama kutoka mjini hadi Tabata umechoka vya kutosha. Tuiache jioni kama ilivyo.

Wiki mbili za mwanzo shuka Mnazi Mmoja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tu. Hata ukijisikia una nguvu za kufanya kila siku, subiri. Siku uliyokimbia na klabu mpaka mwisho ulifanya kazi ambayo misuli yako haikuzoea, ndiyo maana kesho yake ngazi zikakushinda. Maumivu ya namna ile huwa makali siku ya kwanza hadi ya tatu, kisha yanaondoka, lakini yanamwachia mtu kumbukumbu mbaya ya mazoezi. Ukimaliza mwezi ndiyo ufanye siku zote tano. Mwendo unaoutaka ni ule ambao unaweza kuongea na mtu pembeni yako lakini kuimba huwezi. Ukiweza kuimba, ongeza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Halafu mchana. Ukishakula usirudi moja kwa moja kwenye kiti, tembea dakika kumi, hata kuzunguka jengo lenu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima afikishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kujishughulisha kwa kiasi cha kuhema kidogo, na siyo lazima tena ziwe zimeunganika, hata vipande vifupi vinahesabika. Piga hesabu mwenyewe, ndiyo kazi yako: dakika 20 za asubuhi na kumi za mchana, kwa siku tano, ni 150. Umefika, bila kulipia chochote na bila kuwanyang'anya watoto saa yao ya usiku.

Niongeze habari moja ambayo mimi huipenda, hasa kwa mtu anayeishi kwa daladala. Miaka ya 1940 na 1950 daktari mmoja wa London, Jeremy Morris, aliwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya jiji lile. Watu wa mazingira yaleyale na kazi ya shirika lilelile, tofauti ni kwamba dereva alikaa zamu nzima, na konda alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi, mamia ya ngazi kwa siku. Utafiti ulitoka mwaka 1953 katika jarida la Lancet: makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na waliofariki kwa ugonjwa huo walikuwa wachache zaidi. Hakuna konda hata mmoja aliyekuwa na traksuti. Wewe siku nzima uko kwenye kiti cha dereva. Ofisini kwenu mna ngazi, umezitaja mwenyewe. Ukipanda usitumie lifti, na ukihitaji kuongea na mwenzako wa ghorofa nyingine mfuate badala ya kumpigia.

Misuli nayo ina haki yake, mara mbili kwa wiki. Watu wengi wanaotembea hili wanalisahau, na mtu akishavuka miaka 40 misuli inapungua asipoitumia. Fanya jikoni wakati maji ya ugali yanachemka: kaa kwenye kiti kisha simama bila kushika kitu, mara kumi. Weka viganja ukutani, sogeza miguu nyuma, jisukume mara kumi. Pumzika, rudia. Usibane pumzi, maana kubana pumzi ukijikaza kunapandisha presha papo hapo. Toa hewa wakati wa kusukuma.

Sasa lile nililosema nitalikazia. Mdogo wangu, chukua karatasi leo, kabla hujaanza, uandike siku mbaya itakuwaje. Siku ambayo mvua imenyesha na Mnazi Mmoja ni maji matupu, utafanya nini? Andika: "Mvua ikinyesha, nitapanda ngazi za ofisi mara tatu kabla sijawasha kompyuta." Mtoto akiumwa? "Nitasimama na kukaa mara kumi nikisubiri dawa muda wake ufike, basi." Msiba ukitokea kijijini? Huko ndiko rahisi zaidi, kwa sababu asubuhi lazima kuna anayetumwa dukani au kisimani; nenda naye. Dakika tano za siku mbaya hazitashusha presha kivyake. Kazi yake ni kukufanya ubaki mtu wa mazoezi siku hiyo, ili kesho usiwe na kitu cha kuanza upya.

Na ukikatika kabisa, kwa sababu utakatika, siku ya kurudi ni ileile unayokumbuka. Ikiwa Alhamisi saa 3 usiku, basi ni Alhamisi saa 3 usiku, hata kama ni kuzunguka uani dakika tano ukiwa na kanga. Kama ulikaa zaidi ya wiki bila kufanya, siku chache za kwanza fanya nusu ya ulichokuwa unafanya. Usifidie. Anayerudi na kufanya mara mbili ili kulipa deni huumia, akakaa tena. Kwenye kalenda ya ukutani weka alama kila siku uliyofanya, na siku uliyorudi baada ya kukosa weka alama kubwa ya rangi nyingine. Hizo ndizo za kujivunia.

Kuhusu wenzako wa kundi. Hiyo elfu kumi haikutoka kwa madaktari, ilitoka Japani mwaka 1965, jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kinauzwa. Mwaka 2019 watafiti waliochunguza wanawake zaidi ya 16,000 wa Marekani, wenye wastani wa miaka 72, waliona kuwa waliofikisha hatua kama 4,400 kwa siku tayari walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea kama 2,700, na faida ikaendelea kuongezeka hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Wale ni wazee kuliko wewe, lakini funzo linakufaa: anayetoka elfu tatu kwenda elfu tano amefanya jambo kubwa kwa mwili wake. Wasalimie wenzako ukipenda, hatua zako usizitume. Badala yake mtafute mtu mmoja, jirani au mtu wa ofisini anayeshuka njia hiyohiyo, mpatane mtasubiriana pale Mnazi Mmoja. Mtu anayekusubiri kituoni ana nguvu kuliko kundi la watu mia.

Mume wako usibishane naye. Kwa sehemu anasema kweli: kufua kwa mikono, kudeki na kubeba ndoo, vikikuhemesha, vinahesabika. Ila wewe kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni uko kwenye kiti, hizo kazi hazikufikii. Muombe jambo moja linaloshikika, kwamba Jumanne na Alhamisi akague yeye madaftari ya watoto ili upate dakika kumi na tano zako za jikoni. Na umwambie waziwazi kwamba unaogopa yaliyompata baba. Mwanaume anayeona mazoezi ni mambo ya watu wasio na shughuli anaweza kubadilika akijua mke wake anaogopa kufa.

Majirani wana desturi yetu ya siku zote, mtu akipungua lazima awe na ugonjwa au ndoa inamtesa. Jibu lako liwe fupi: "Daktari ameniambia nitembee." Kwa mpango huu huenda hata usipungue sana, kwa sababu uzito unategemea zaidi chakula. Presha inaweza kushuka hata mizani isiposogea, kwa hiyo usiitumie mizani kuamua kama mazoezi yanafanya kazi.

Usicheleweshe kurudi kliniki kwa tarehe uliyopewa, hata kama unajisikia vizuri, na kalenda yako nenda nayo. Daktari akiamua uanze dawa, usione umeshindwa. Dawa na mazoezi vinafanya kazi pamoja, na mazoezi usiyaache. Unapojipima nyumbani, usipime mara baada ya kutembea, kaa kimya dakika tano kwanza. Ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo usifanye mazoezi, muone daktari. Ukitembea ukapata maumivu au mkandamizo kifuani, pumzi ikakuishia isivyo kawaida, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, simama hapohapo na uende hospitali. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu au maneno yakivurugika, hilo ni la kukimbizwa hospitali dakika hiyohiyo, hata kama linaisha lenyewe.

Sasa jimu. Usilipe mwaka. Uchungu wa hela ulikwishaujaribu kwa miezi mitatu na haukukurudisha. Mwaka utakuongezea uchungu tu. Kaa na mpango wa Mnazi Mmoja mpaka upite katika msiba mmoja, au masika moja, au mwisho wa mwaka wa hesabu mmoja, na uone umerudi. Baada ya hapo, kama bado unatamani zile mashine na kampani ya kocha, lipa kwa siku au kwa mwezi mmoja. Na ukikutana na kocha wako wa zamani mtaani, msalimie bila kueleza ulikuwa wapi.